Soksi za Nakshi Zisizopita Kisiginoni

SWALI: Assalamu aleikum, Mhariri. Mwanangu amepata nafasi katika shule ya bweni huko Limuru, na kwa kuwa sisi watu wa Lamu baridi yetu ni ile ya kusi tu, niliona nimfumie soksi za rangi mbili, nyeupe na buluu, zenye nakshi ya maua kama yaliyochongwa milangoni mwetu. Nilinunua uzi wa pamba, nikaanza na vitanzi 64 kwa sindano tano, na ua langu moja lina vitanzi 10. Mguu wa kwanza nimeumaliza, lakini haupiti kisiginoni, ua la mwisho limekatika, na vidole vya mtoto vinanasa katika nyuzi za ndani. Nilipoifua soksi, buluu ikachujia nyeupe. Nimekosea wapi? Nashona kofia tangu utotoni, kwa hivyo kuhesabu hakunishindi.
Bi. F., Langoni, Lamu

JIBU: Waaleikum salaam, dada yangu. Mkono wako ni mzuri; uzi na hesabu ndivyo vilivyokuangusha, na uzi ndio ulioanza. Pamba haina mnyumbuko: ikivutwa hutanuka isijirudi, na ikilowa jasho hubaki baridi mguuni, jambo ambalo kwenu ni raha lakini Limuru mwezi wa Julai ni adhabu. Ni kweli kwamba baadhi ya soksi kongwe zaidi za kufumwa kwa sindano zinazojulikana, zilizopatikana Misri, ni za pamba nyeupe na ya nili, rangi zile zile ulizozichagua wewe, na nyingine zina nakshi inayofuata Kufi, mwandiko wa kale wa Kiarabu. Ila wafumaji wale walikuwa wakiivalisha miguu ya Misri.

Tafuta uzi mwembamba wa sufu iliyochanganywa na nailoni, asilimia 75 kwa 25, ambao bonge lake la gramu 100 huwa na urefu wa mita 400 hivi. Mwambie mwenye duka waziwazi kwamba unataka sufu ya kondoo, asije akakuletea sufi ya kujazia mito. Nailoni hiyo usiidharau, kwa sababu sufu tupu, hasa ya merino iliyo laini, hutoboka mapema kwa msuguano wa kiatu. Akriliki tupu ni ya bei nafuu na rangi zake zinapendeza, lakini hainyonyi jasho, nami sipendi mtoto aivae kutwa nzima darasani. Gramu 100 za rangi ya chini na 50 za rangi ya nakshi zitakutosha. Kabla ya kuanza, loweka kipande cha uzi wa buluu katika maji ya vuguvugu, kisha kikamue ndani ya kitambaa cheupe. Kikiacha doa, badilisha uzi.

Sasa kubana. Katika kufuma kwa rangi mbili, uzi usiofumwa hupita nyuma ya vitanzi vya mwenzake, na uzi huo wa nyuma haunyumbuki kama kitanzi kinavyonyumbuka. Ukiuvuta kidogo tu kila mara, soksi nzima hujifunga kama mfuko wa kamba. Kila unapobadilisha rangi, vitandaze kwanza vitanzi vilivyo kwenye sindano ya kulia mpaka viachane vizuri, ndipo uchukue rangi ya pili na kuipitisha bila kuivuta. Panapozidi vitanzi vitano vya rangi moja mfululizo, uzungushe uzi wa nyuma mara moja kwenye ule unaofuma, nao hautaning'inia na kunasa vidole. Wako wanaoigeuza soksi ndani nje wakati wa kufuma, ili nyuzi za nyuma zizunguke kwa nje palipo na nafasi zaidi. Mimi hufanya hivyo kila mara, ingawa mwanzoni mikono hukataa.

Kuhusu ua lililokatika, 64 haigawanyiki kwa 10. Fuma kwanza kipande cha mzunguko kwa sindano za milimita 2.5, kwa nakshi ile ile, ukifue, kikauke, uhesabu vitanzi katika sentimita 10. Ukipata 32, na mguu wa mtoto una mzingo wa sentimita 21, punguza sentimita moja tu, nawe utarudi kwenye 64. Basi chagua ua la vitanzi 8 au 16. Ukilipenda sana lile la 10, anza na 60 kwa sindano nene kidogo. Pima pia mzingo unaopita nyuma ya kisigino na juu ya mgongo wa mguu, kwa maana hapo ndipo soksi yako ilipogoma. Kisigino chenyewe kifume kwa rangi moja juu ya nusu ya vitanzi, yaani 32. Ile ya pamba ifumue.

SWALI: Sindano zangu za chuma zinashika kutu na sufu yangu inaliwa na nondo. Nifanyeje?
Msomaji, Malindi

JIBU: Hewa ya chumvi haina huruma na chuma, nunua sindano za mianzi. Sufu iliyovaliwa ifue kabla ya kuiweka, kwa kuwa mabuu ya nondo hupenda palipo na jasho, kisha uifunge ndani ya mfuko usiopitisha hewa, ikiwa imekauka kabisa.