Maswali ya wasomaji: kurudi studioni kusomea uzamili wa usanifu majengo na miji

Tangu nitaje hapa kwamba nimekaa kwenye jopo la kusikiliza wanafunzi wa uzamili, maswali yamekuwa hayaishi. Nimeyafupisha, salamu zenu nimezipokea zote, na yule aliyeniuliza bei ya kuchorewa nyumba Mtwapa tutaonana kando.

Nina digrii ya usanifu majengo na nimeajiriwa ofisi moja ya Nyali. Nikirudi kusoma uzamili wa studio, si nitachora yale yale tena? (Kijana wa Kisauni)

Studio ni somo la kubuni mradi mmoja kwa muhula mzima. Kuchora utachora, tena sana, ila hakuna atakayekuambia uchore nini. Kwenye digrii ya kwanza mwalimu huja na kiwanja na orodha ya vyumba: zahanati, maktaba, shule. Kwenye uzamili huja na mahali na tatizo ambalo bado halina umbo.

Chukua kivuko cha Likoni, hapa Mombasa. Wasimamizi wa feri hutaja zaidi ya abiria 300,000 kwa siku. Mwalimu atakwambia semesta hii ni hapo, kisha atanyamaza. Wiki za mwanzo kikundi chenu kitapima na kuhesabu: mteremko wa kushukia feri, matatu zinapogeuzia, wauza machungwa walipojibanza, watu wanaposimama kukiwa na jua na wanapokimbilia mvua ikija, maji yanapofika yakijaa na yanapobaki yakitoka. Baada ya hapo kila mmoja aseme swali lake ni lipi. Mwenzako atashika kivuli, mwingine atashika biashara ndogondogo, wewe pengine utashika mwendo wa mtu anayetembea kwa gongo. Swali hilo ndilo utakaloishi nalo mpaka mwisho wa muhula.

Mara moja au mbili kwa wiki mwalimu atakaa mezani kwako, atatandaza karatasi ya kupenyesha mwanga juu ya mchoro wako na kuchora juu yake huku mkibishana. Katikati na mwishoni mwa muhula unatundika kazi ukutani, unaeleza kwa dakika kama kumi, halafu jopo la walimu na wageni linakuhoji mbele ya wenzako wote. Wengi huogopa siku hiyo kwa kudhani watachekwa michoro. Nilivyoona mimi, michoro mibaya husameheka. Kinachomwangusha mtu ni jawabu zuri la swali ambalo hakuliuliza. Mmoja alitundika paa la abiria lililopinda kama tanga, kazi ya kupendeza kweli, na mgeni mmoja akauliza tu: jua la saa kumi linaingilia wapi? Paa lilikuwa juu sana na upande wa magharibi ulikuwa wazi. Saa kumi, watu wakitoka kazini, kivuli chote kilikuwa kimeangukia barabarani, hakuna aliyesimama chini yake.

Mume wangu asema usanifu wa miji ni mipango miji iliyovalishwa suti. Ni kweli? (Dada wa Tudor)

Mwambie shemeji amepata nusu. Mpangaji miji huamua ardhi itumike kwa nini, ghorofa zifike ngapi, barabara iachiwe upana gani. Kwa Kenya sheria yake kuu ni ile ya mipango na matumizi ya ardhi ya mwaka 2019. Msanifu wa miji hushuka chini zaidi, kwenye ile nafasi kati ya nyumba na nyumba. Kama somo la chuoni bado ni changa: kongamano lililolipa jina lilifanyika chuo kikuu cha Harvard, Marekani, mwaka 1956, likiongozwa na José Luis Sert, mkuu wa shule ya usanifu ya hapo, na kozi yenyewe ikaanza hapo mwaka 1960.

Tuje mtaa wa Majengo. Nyumba ya Kiswahili ya pale mnaijua: ukumbi katikati, vyumba huku na huku, uwani nyuma, baraza mbele. Kwenye karatasi za mpangaji ni ploti yenye watu kadhaa, na mwenye ploti akiomba kujenga ghorofa sita, suala ni maji taka, maegesho na upana wa barabara. Hayo ni muhimu, silidharau hata moja. Lakini ghorofa likisimama, chini huwa ni milango ya chuma ya maduka au magari yaliyoegeshwa, na baraza imekwenda. Baraza ni ukuta mfupi tu, kimo chake magotini, ila juu yake hukaliwa, huchezwa bao, huuzwa mbaazi asubuhi, na mtoto wa jirani akipita saa isiyo yake kuna mtu wa kumuuliza aendako. Studio ya usanifu wa miji itakufanya uchore mkato wa mtaa huo (mchoro wa kama umepasuliwa kwa kisu ukauona ndani) kwa kipimo cha 1:50 mara mbili, ulivyo leo na utakavyokuwa ploti zote zikishajengwa, kisha utafute namna ghorofa sita zitakavyokaa na baraza ikabaki. Kukataza ghorofa ni jawabu la mvivu. Watu wanahitaji pa kukaa. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,208,333 kaunti nzima ya Mombasa, na kisiwa hakitanuki.

Mwanangu yuko mwaka wa kwanza wa uzamili. Usiku halali usingizi, na pesa zote zaishia kuchapisha makaratasi. Ndivyo inavyotakiwa? (Mama wa Bondeni)

Pole mama. Kukesha ni mazoea tu, hakuna chuo kilichoandika kuwa ni sharti. Inasimuliwa kwamba Paris, karne ya 19, kigari kilikuwa kikipita kukusanya michoro ya wanafunzi wa shule ya sanaa na usanifu ya École des Beaux-Arts, na waliochelewa walikipanda wakimalizia kuchora njiani. Mazoea hayo yakaenea kwingi na kugeuzwa fahari. Mwaka 2002 chama cha wanafunzi wa usanifu wa Marekani kilitoa ripoti ya kuyapinga, na bado yapo.

Mzigo wenyewe lakini si wa kusingiziwa. Kwa hesabu ya vyuo vya Ulaya, pointi moja ya masomo ni saa 25 hadi 30 za kazi. Studio ya pointi 15 ni saa 375 hadi 450; zigawe kwa wiki 15 upate saa 25 hadi 30 kila wiki, na hapo hajagusa somo jingine. Anayefanya kila siku atalala. Anayengoja wiki ya mwisho hata akikesha hatoshelezi.

Kuhusu pesa, ajaribishe kwa karatasi ya A3 nyeusi na nyeupe, makosa yaonekane hapo. A1 ya rangi ichapwe mara moja, mchana, si saa nane usiku macho yakiwa mekundu.

Nikipata uzamili naweza kujiita msanifu majengo? (Changamwe)

La. Kenya jina hilo lina ulinzi wa sheria, Sura ya 525, na ni la aliyesajiliwa na BORAQS, bodi ya kusajili wasanifu majengo na wakadiriaji majenzi. Usajili unataka digrii inayotambuliwa, mazoezi ya kazi na mitihani ya taaluma. Uzamili wa usanifu wa miji peke yake haukufikishi huko. Waulize bodi kabla ya kulipa karo.

Nimechora ramani za fleti za Bamburi miaka tisa chini ya mkandarasi. Jalada langu la maombi lijae hizo? (Fundi mchoraji)

Chagua mbili, nyingine ziache. Wanaosoma maombi wameona fleti za kutosha, wanatafuta unavyofikiri. Onyesha ngazi moja uliyolazimika kuibadilisha, ilivyokuwa, kilichokukwaza, ilivyokuja kujengwa, na picha yake. Andika wazi kipi ulikifanya wewe na kipi cha bosi, na mwombe ruhusa.

Kisha ongeza kazi moja isiyo ya ajira. Ningekuwa wewe ningekwenda Mji wa Kale, nipige hodi nyumba moja ya Kibokoni au Ndia Kuu, niombe kupima chumba kimoja tu cha nyumba ya mawe. Utakuta kirefu na chembamba, upana wake hauzidi sana mita mbili na nusu. Inua macho darini uone sababu: boriti za mikoko. Mti huo haukupi kipande kirefu kilichonyooka cha kubeba dari ya mawe na chokaa, kwa hiyo boriti ndiyo iliyoamua chumba kiwe na upana gani, na chumba kikaamua nyumba. Ukichora hilo kwa kurasa mbili, mpango (chumba kikitazamwa kutoka juu), mkato na mchoro wa boriti ilivyokaa ukutani, utakuwa umeonyesha zaidi ya fleti ishirini.

Nisome nyumbani au Ulaya? (Wawili wameuliza)

Inategemea karo, familia na viza, nami sijui mifuko yenu. La kitaaluma ni hili: kule uzamili kwa kawaida ni miaka miwili, pointi 120, na mtafundishwa kuzuia joto lisitoke nje. Sisi tuko nyuzi nne kusini mwa ikweta, jua hupita karibu utosini, kuta za mashariki na magharibi ndizo zinazoungua, na tunachotafuta ni upepo, uwe wa kusi au kaskazi. Ukienda, jaribu kuchagua Mombasa iwe eneo la mradi wako wa mwisho, na upime kabla ya kuondoka. Ramani ya mtandaoni itakupa umbo la paa, haitakupa kimo cha dirisha.

Kompyuta ya bei gani? (Likoni)

Ya kati, yenye kumbukumbu ya gigabaiti 16 au zaidi. QGIS ya ramani na Blender ya michoro ya pande tatu ni bure kwa kila mtu, na kampuni ya Autodesk hutoa programu zake za kuchora bure kwa wanafunzi, ila ofa hiyo huisha ukimaliza masomo. Hifadhi kila kazi kwa PDF pia.