Barua kwa mwanangu: Kuhusu umeneja wa mauzo ya chipu

Mwanangu,

Marahaba. Ujumbe wako nimeusoma dukani, wateja wakinisubiri, na usiku nimeusoma tena kwa utulivu. Unasema kampuni unayofanyia kazi Nairobi, hiyo inayosambaza chipu za elektroniki, imekupa nafasi ya kuongoza timu ya mauzo ya Afrika Mashariki. Unauliza kama ukikubali uhandisi wako utakuwa umepotea bure. Unaniuliza mimi kwa kuwa nauza vipuri vya elektroniki Kariakoo tangu hujazaliwa.

Kubali, mama. Uhandisi wako ndio utakaouza.

Kwangu mteja huja na kipuri kilichoungua mkononi, anataka kingine kama hicho, tunapatana bei, anaondoka. Kwenu haiwi hivyo. Anayetengeneza mita za umeme au chaja za pikipiki huchagua chipu wakati bidhaa yake ingali mchoro. Akishaipanga kwenye bodi ya saketi na programu ikaandikwa kuifuata, kuibadilisha ni karibu kuanza upya. Kazi yote iko pale mhandisi wake anapochora, na pesa inakuja baadaye sana. Kwenye magari inaweza kupita miaka miwili mitatu kabla gari la kwanza halijatoka kiwandani. Anayekaa na mhandisi huyo lazima ajue amekwama wapi. Wewe utajua.

Chukua habari za Intel na Motorola, kampuni mbili za Marekani zilizokuwa zikishindana kuuza chipu. Mwaka 1980 wahandisi wengi waliipenda chipu ya Motorola iitwayo 68000 kuliko 8086 ya Intel, na Intel haikuwa na chipu mpya ya kujibu. Ikawatoa wauzaji wake kwa kampeni iliyoitwa Crush, lengo likiwa chipu zao zichaguliwe kwenye miradi 2,000 ndani ya mwaka. Walichotembea nacho kilikuwa vitabu vya maelekezo, mafunzo, vifaa vya kuandikia programu, na mpango wa chipu zitakazofuata. IBM ikaichagua 8088, ndugu wa 8086, kwa kompyuta yake iliyotoka Agosti 1981. Na Jerry Sanders, mmoja wa walioanzisha kampuni ya chipu ya AMD mwaka 1969, alisomea uhandisi wa umeme, akafanya kazi ya masoko kwenye kampuni nyingine ya chipu, Fairchild, kisha akaiongoza AMD hadi 2002. Kwa hiyo anayekwambia mauzo ni ya walioshindwa masomo, mwache aseme.

Kinachonipa wasiwasi ni siku za mgao, chipu zinapoadimika. Corona ilipoingia mwaka 2020, watengenezaji wa magari walifuta oda zao, na viwanda vya chipu vikawapa nafasi ile wa kompyuta na simu. Magari yalipoanza kuuzika tena, wakarudi wakakuta foleni ndefu. Februari 2021 baridi kali ikakata umeme Texas, viwanda vya chipu vya Austin vikasimama. Machi kiwanda cha chipu cha kampuni ya Renesas kule Naka, Japani, kikashika moto. Chipu hukaa kiwandani miezi mitatu au zaidi hadi ikamilike, na kiwanda kipya cha kisasa kinakula zaidi ya dola bilioni 10, kwa hiyo hata watu wakikesha, mzigo hauongezeki.

Wakati kama huo meneja wa mauzo anakuwa mgawaji. Una chipu chache, wateja ni wengi, na baadhi yao wameweka oda ile ile kwa wasambazaji watatu ili wapate popote. Utashinikizwa umpe anayetoa dau kubwa. Hapo nakuomba usimame: kila mteja mpe tarehe ya kweli hata kama inauma. Akijua mzigo utakuja baada ya miezi minane, anaweza kuichora bodi upya atumie chipu nyingine. Anayeambiwa “wiki ijayo” kila wiki, mafundi wake wanakaa bure na mshahara anawalipa.

Tena akikosa kwako anakimbilia vichochoroni, na bandia zimejaa huko. Zimepita hapa kwangu. Fundi mmoja ninayemwamini huchovya pamba kwenye asetoni, anasugua mgongo wa chipu taratibu, halafu anaitazama kwa lenzi. Ikiwa imepakwa rangi upya, pamba inatoka nyeusi na namba ya zamani inaanza kuchungulia chini ya ile mpya. Chipu ya namna hiyo ikiingia kwenye chaja, nyumba ya mtu inaweza kuungua. Wafundishe vijana wako kumweleza mteja hivyo bila kuona haya.

Jua pia kwamba neema hugeuka. Mwaka 2022 dunia ilinunua chipu za dola bilioni 574 hivi. Mwaka 2023 zikashuka hadi kama bilioni 527, kwa kuwa wateja wengi stoo zao zilikuwa zimejaa. Panga kodi ya nyumba na ada ya mdogo wako kwa mshahara wa msingi, kamisheni iache benki.

Kabla hujasaini, waulize kamisheni inahesabiwa lini: chipu inapochaguliwa, au mzigo unapotoka? Na ikiwa umehangaikia mradi miaka miwili, kisha wakakuhamisha kabla ya oda ya kwanza, malipo yanamwendea nani? Wakujibu kwa maandishi. Nitumie huo mkataba WhatsApp, mjomba wako ausome Jumamosi, tukupigie jioni.

Mama yako