Barua kwa Baraka: Kuhusu Ile Picha

Mwanangu Baraka,

Sisi hatujambo, mama yako anakusalimu. Ujumbe wako nimeusoma mara mbili. Unasema umepata kazi ya kutisha watu msimu huu wa Halloween, ile sikukuu ya Wamarekani ya kujifanya mizimu, na kwamba dada yako amekutumia ile picha yangu nikiwa na damu ya bandia mpaka shingoni. Unauliza: "Baba, mbona hukutuambia? Na je, niikubali?"

Sikuwaambia kwa sababu ya bibi yenu. Mwaka wangu wa kwanza hapa Ohio alipiga simu kutoka Korogwe akauliza nafanya kazi gani, nikamjibu niko shambani. Sikudanganya. Lilikuwa shamba la mahindi kweli, ila mwenyewe alikuwa amekata vijia humo ndani, watu wanalipa kiingilio waje kupotea gizani na kutishwa. Basi kila wiki bibi yenu ananiuliza, mmevuna? Ningeanzaje kumwambia kwamba yule mwanakwaya wake analipwa kwa saa ajifanye maiti? Nikishamficha yeye, ikabidi niwafiche na nyinyi, maana mlikuwa hamjui kutunza siri.

Ikubali. Ila usidhani ni kazi ya kupiga makelele. Wanaoanza hupigia kooni, Jumapili ikifika hawana sauti, na msimu unakwenda tangu mwisho wa Septemba hadi Novemba inapoingia. Toa sauti tumboni, kunywa maji. Na pengine usitoe sauti kabisa. Simama tuli mpaka wabishane kama wewe ni mtu au sanamu.

Jambo nililojua baada ya kukemewa ni hili: usimtishe wa mbele katika kundi la wageni. Ukimtokea usoni anarudi nyuma, wote wanasongamana, na kundi linalofuata linawakuta hapohapo. Waache wakupite, halafu watokee ubavuni au kwa nyuma, watimkie kule njia inakoelekea.

Usimguse mtu. Na wao wamekatazwa kukugusa, ila mtu akishtuka ngumi inatangulia. Nilifanya kazi wiki nzima na mdomo uliovimba. Ukipewa msumeno wa injini, utakuwa umetolewa mnyororo, lakini angalia kwa macho yako kila jioni.

Kabla hujapakwa rangi, pita njia yako yote taa zikiwa zimewashwa, ujue milango ya dharura iko wapi. Mei 1984 jumba la vitisho kule Jackson, New Jersey, liliungua wakafa vijana 8. Darini hakukuwa na mabomba ya kumwaga maji moto ukitokea. Ukikuta mlango umezibwa na jeneza au marobota ya majani, sema, hata kama wewe ndiye mgeni kuliko wote.

Nikuchekeshe. Msimu wa pili mtoto wa kiume, miaka minane hivi, aliachana na wenzake akakaa chini kwenye kona yangu akilia. Kanuni ilikuwa usivue kinyago mbele ya mgeni, mwite msimamizi. Roho haikunipa. Nikapiga magoti, nikavua, nikamwambia usiogope, mimi ni baba wa mtu. Nilikuwa nimesahau kwamba huwa tunapaka rangi nyeusi kuzunguka macho ili ngozi isionekane kwenye matundu ya kinyago. Alichokiona ni zimwi linavua uso na kubaki na uso mwingine mbaya zaidi. Alipiga yowe mpaka baba yake akarudi mbio, na mimi nikaitwa ofisini. Sasa ukikutana na wa namna hiyo, kinyago kibaki usoni, ongea naye kwa sauti yako ya kawaida, umulike tochi chini. Inatosha.

Viatu vyangu vya shamba viko gereji, nyuma ya ile mashine ya kukatia majani. Havipitishi matope. Mguu wako ni mdogo kidogo, vaa soksi mbili.

Baba yako