Hasi inatoka wapi? Maswali ya miteremko kutoka Tanga

Mwanafunzi wa kidato cha nne, Chumbageni: Mistari miwili ikikatana kwa pembe mraba, miteremko yake ikizidishwa inatoa −1. Tumekariri, lakini hiyo hasi inatoka wapi?

Afadhali umeuliza, maana sheria ya kukariri huponyoka mtihani ukiwa mezani. Chukua karatasi ya grafu. Anzia (0, 0), nenda hatua 3 kulia, panda 2. Mteremko, yaani hatua za kupanda gawanya kwa hatua za kulia, ni 2/3. Sasa ushike mstari huo pale pale ulipoanzia, uuzungushe robo mzunguko kuelekea kushoto. Zile hatua 3 za kulia zimesimama, sasa ni 3 za kupanda. Zile 2 za kupanda zimelala upande wa kushoto, na kushoto ni hasi. Umefika (−2, 3), mteremko −3/2. Kiasi (namba ya juu) na asili (namba ya chini) vimebadilishana nafasi, na kimoja kimegeuka alama. Zidisha: 2/3 × −3/2 = −1. Mstari mmoja ukipanda, mwenzake hauna budi kushuka. Fanya kwa mkono wako, usiniamini mimi tu.

Mama, Makorora: Binti yangu kaulizwa mteremko wa mstari unaokata 3x + 4y = 24 kwa pembe mraba. Kajibu −1/3, kakosa. Kwa nini?

Mama, sheria anaijua. Kateleza mwanzoni: kaiona 3 mbele ya x akadhani ndiyo mteremko. Kwanza y ibaki peke yake: 4y = −3x + 24, basi y = −3/4x + 6. Mteremko ni −3/4. Pindua juu chini, badili alama: 4/3. Kosa hili nalisahihisha kila muhula.

Mwanafunzi, Raskazone: Nimechora y = 2x na y = −1/2x. Mbona pembe mraba haionekani?

Tazama mihimili yako. Kama sentimita 1 ni 1 kwenye x lakini ni 5 kwenye y, picha imebanwa. Hesabu ni sahihi. Tumia kipimo kimoja pande zote.

Kijana, Ngamiani: Barabara zetu za namba na zile zinazozikata zina pembe mraba. Nikichora moja imelala, nyingine imesimama, −1 siipati.

Mstari uliolala una mteremko 0. Uliosimama wima hauna mteremko, maana ungegawanya kwa 0. Hakuna cha kuzidisha. Igeuze ramani kidogo barabara zikae mshazari, −1 itarudi.