Maswali ya Wasafiri: Asali, Samli na Pawabenki

Swali: Kwenye ukaguzi wa uwanja wa ndege nilinyang'anywa kopo la asali la gramu 500 lililobaki robo tu. Robo ile si chini ya mililita 100? Na pawabenki niiweke wapi?
Msomaji, Tanga

Jibu: Pole sana, dada. Mkaguzi hapimi kilichomo, anasoma ujazo wa chombo. Viwanja vingi kikomo ni chombo cha mililita 100; kopo lako la gramu 500 ni kama mililita 350, hivyo hukataliwa hata likiwa na kijiko kimoja. Sheria hii ilianza 2006, baada ya njama ya London ya kulipua ndege kwa vimiminika. Asali, samli, achari, siagi ya karanga na dawa ya meno vyote huhesabiwa kimiminika. Angalia pia lebo: asali ni nzito, mililita 100 ni kama gramu 140, lakini mkaguzi akiona "140 g" mtabishana bure. Chagua kichupa kilichoandikwa 100 ml, ukitie kwenye mfuko mmoja unaoonyesha ndani, wa lita 1, ufunge vizuri. Zaidi ya hapo, pakia kwenye begi kubwa linalokaa chini ya ndege. Dawa na maziwa ya mtoto huruhusiwa kuzidi; vitoe mwenyewe kabla hujaulizwa.

Pawabenki kinyume chake: ibebe kwenye begi la mkononi, haiwekwi kamwe kwenye begi kubwa, maana betri ikishika moto kule chini hakuna wa kuuzima mapema. Kikomo cha kawaida ni Wh 100 (saa-wati, kipimo cha nishati ya betri). Zidisha mAh iliyoandikwa juu yake kwa 3.7, gawa kwa 1,000: ya 20,000 ni Wh 74. Maandishi yakifutika, wakaguzi wengi huikataa.