Dada, usimwachie kijana arudi uwanjani wiki hii

Dada yangu, umeuliza kama kijana wako wa miaka 15 aliyegongana vichwa na mwenzake Jumamosi anaweza kucheza wikendi hii, eti kocha amesema yuko fiti. Nakuomba usimwachie, haya yamenikuta mwenyewe.

Nilikuwa beki wa kati timu ya mtaani hapa Kisauni, Mombasa, mipira ya juu yote yangu. Siku moja nikala kiwiko cha kichwa, nikamwagiwa maji baridi nikaambiwa inuka wewe mwanamume, nikaendelea. Kesho yake kichwa chanigonga, natapika, lakini nikanyamaza maana ningesema ningepoteza namba. Siku tisa baadaye nikagongwa tena, kidogo tu wallahi, hata sikuzimia, ila bao tulilofunga siku ile mpaka leo silikumbuki. Na watu wengi hawajui, mtikisiko wa ubongo mara nyingi hauzimishi mtu, na skani yaweza kutoka safi kabisa kwa sababu kinachovurugika ni kazi ya ubongo ndani kwa ndani, picha haikioni.

Kidato cha tatu chote kikaniharibikia. Nasoma ukurasa mara tatu nikifika chini sijui nimesoma nini, jua la saa saba pale feri lanipasua kichwa, hasira za ghafla, usingizi hakuna. Mamangu akadhani nimeanza kutumia unga na hilo liliniuma kuliko kichwa chenyewe. Sasa nina miaka 31 na bado naandika kila kitu kwa simu nisisahau.

Na mimi nina bahati. Mwaka 2011 kule Ireland Kaskazini, Ben Robinson wa miaka 14 aligongwa kichwa zaidi ya mara moja kwenye mechi moja ya raga, akaachwa aendelee kucheza, akafa. Ubongo ambao haujapona ukipigwa tena unaweza kuvimba ghafla, na wanaokutwa na hili ni vijana zaidi.

Siku mbili za kwanza apumzike, simu apunguze. Kisha atembee, akimbie mdogo mdogo, aguse mpira bila kugongana na mtu, kila hatua isipungue siku nzima, dalili zikirudi arudi nyuma, na mechi mpaka daktari amruhusu. Akitapika tena na tena, kichwa kikazidi kumuuma au ukamwamsha haamki vizuri, usingoje asubuhi, mkimbize hospitali kuu pale Makadara.

Kocha akipiga simu ipokee wewe. Ukimpa kijana atasema yuko sawa, hata mimi nilisema hivyo hivyo.