Kinachomrudisha Mchangiaji: Ushauri kwa Waratibu Wapya wa Miradi ya Kujitolea Mtandaoni

Mratibu anayeanza kazi huuliza kwanza atawapata wapi watu wengi. Uzoefu wangu umenifundisha kuuliza kwanza ni nini kitamrudisha mtu mara ya pili, kwa kuwa kujiandikisha ni jambo la dakika chache, na wengi wanaojiandikisha hawaonekani tena. Sehemu kubwa ya kazi katika miradi hii hufanywa na wachache, na kila mmoja wao aliwahi kuwa mgeni asiyejua aanzie wapi.

Mfano ninaopenda kuwapa waratibu wapya ni Galaxy Zoo, mradi ulioanza Julai 2007, ambapo wanaastronomia waliweka mtandaoni picha za galaksi (makundi makubwa mno ya nyota) zipatazo milioni moja na kuwaomba watu wa kawaida wazipange kwa maumbo yake. Hapakuwa na malipo yoyote. Watafiti walipowauliza wachangiaji sababu yao kuu, iliyotajwa zaidi ya nyingine zote ni hamu ya kushiriki katika utafiti halisi wa kisayansi. Hanny van Arkel, mwalimu wa shule nchini Uholanzi, aliona kitu cha ajabu kando ya galaksi moja akauliza ni nini. Wataalamu walilifuatilia swali lake, na wingu hilo kubwa la gesi inayong'aa linajulikana hadi leo kwa jina lake. Kwa hiyo tenga muda wa kujibu maswali ya wachangiaji, na uwaonyeshe matokeo ya kazi yao yanakotumika, hata kama ni jedwali dogo tu katika ripoti.

Usidhani, hata hivyo, kwamba kuliamini lengo la mradi kunatosha. Utafiti uliochapishwa mwaka 2007 kuhusu wahariri wa Wikipedia ulionyesha kwamba raha ya kazi yenyewe na imani katika maarifa huru vyote vilitajwa sana, lakini waliokuwa na imani kubwa zaidi hawakuwa lazima ndio waliochangia zaidi. Katika Wikipedia ya Kiingereza, idadi ya wahariri wanaochangia mara kwa mara ilianza kupungua baada ya mwaka huohuo, na uchunguzi wa mwaka 2013 ulihusisha jambo hilo na kanuni pamoja na programu zilizowekwa kupambana na wanaoharibu makala kwa makusudi, ambazo zilitengua pia michango ya wageni wenye nia njema. Hapa ndipo ninapowasihi mwe waangalifu kuliko mahali pengine popote. Mgeni ambaye mchango wake wa kwanza umefutwa bila neno hawezi kujua kama amekosea chanzo, muundo au utaratibu. Anachojua ni kwamba hatakiwi. Unapolazimika kukataa kazi yake, mwandikie wewe mwenyewe, taja kasoro moja mahususi, hifadhi kinachofaa, na umwonyeshe namna ya kurekebisha kilichobaki.

Kuhusu zawadi nitasema machache. Jaribio lililochapishwa mwaka 2012 liliwapa nishani ya kidijitali baadhi ya wahariri hodari wa Wikipedia waliochaguliwa kwa kubahatisha, na kazi yao ikazidi kwa takriban asilimia 60 ile ya wenzao wasiopewa. Nishani ile haikuwa na thamani ya fedha. Ilikuwa shukrani ya hadharani. Alama na orodha za washindi naziogopa zaidi, kwa sababu zikihesabu wingi pekee humfanya mtu aharakishe kazi inayotaka utulivu.

Dharura nayo huleta umati. Baada ya tetemeko la Haiti la tarehe 12 Januari 2010, watu wa kujitolea wa OpenStreetMap, ramani huria ya dunia inayochorwa mtandaoni, waliuchora mji mkuu, Port-au-Prince, kwa kutumia picha za setilaiti kwa muda wa siku chache, na waokoaji wakaitumia ramani hiyo. Wengi wanaokuja kwa msukumo wa aina hiyo huondoka tukio likipita, nasi hatuna sababu ya kuwalaumu. Andaa mapema kazi ndogo inayofuata, yenye maelezo mafupi na mtu wa kuulizwa, ili atakayemaliza ya kwanza aikute tayari siku hiyohiyo.